Mtoto anapougua, nani anamsemea kwa Mungu?

Katika familia nyingi za Kikristo Morogoro, maombezi huanza kabla hata nauli ya kwenda hospitali haijapatikana. Yanafariji na yanakusanya majirani, lakini yana mipaka ambayo kila mzazi anapaswa kuijua.

IKIFIKA Oktoba, jioni za Morogoro huwa na sauti yake. Kuanzia mitaa ya Kihonda na Kilakala mjini hadi Mgeta na Matombo juu milimani, mikeka na viti vya plastiki hutolewa nje, watoto hushikishwa rozari, na jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki hupita nyumba kwa nyumba. Huo kwao ni mwezi wa Rozari. Kabla ya sala kuanza, kiongozi huuliza swali moja: nani ana nia ya kuombewa?

Hapo ndipo mambo ya ndani ya nyumba hutoka nje kwa staha. Mmoja ana kijana anayeingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne mwezi unaofuata. Mwingine anaombea mvua, kwa kuwa maharage yameanza kunyauka. Mwingine husema tu kwamba mwanawe yuko wodini, kisha hunyamaza, na hakuna anayemlazimisha kuendelea. Nia zote hupokelewa, na sala huanza.

Kwa mpita njia hayo ni makelele ya jioni kama mengine. Kwa mama mwenye mtoto wodini, ni wakati ambapo mzigo aliokuwa akiubeba peke yake tangu asubuhi unapata wabebaji wengine.

Mshenga, mjomba na mama jikoni

Maombezi ni kumwomba Mungu kwa ajili ya mtu mwingine. Anayeomba riziki yake mwenyewe anasali. Anayetaja jina la jirani mbele za Mungu anaombea. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, ila ni kubwa kwa moyo, maana kuombea kunamtaka mtu aache shida zake kwa dakika chache na kubeba za mwenzake.

Wazo la kusemewa si geni kwa watu wa huku. Kijana hapeleki barua ya posa mwenyewe. Anatumwa mshenga anayejua kuketi na wazee. Mtoto aliyevunja chupa ya chai humfuata mama jikoni ili amsemee kwa baba. Na katika Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba amekuwa na sauti kubwa katika mambo ya mtoto, yawe ya shamba, ya ndoa au ya msiba. Mtu asiye na wa kumsemea huonekana mpweke hata kama ghala lake limejaa.

Hata hivyo, mfano wa mshenga una mahali unapokomea. Mshenga hutumwa kwa sababu mlango wa wakwe bado haujafunguliwa. Imani ya Kikristo inafundisha kwamba mlango wa Mungu uko wazi kwa kila mmoja, hata kwa mtoto wa chekechea asiyejua kupanga maneno. Maombezi basi hayafanyiki kwa sababu Mungu yuko mbali au ana hasira. Yanafanyika kwa sababu waumini wanajiona ni familia moja, na katika familia mtu haachiwi ateseke peke yake.

Mzazi anayesoma Injili kwa makini ataona jambo moja la kumtia moyo. Wengi waliomfuata Yesu hawakuja kuomba mambo yao wenyewe, walikuja kwa ajili ya mtoto. Yairo, mkuu wa sinagogi, alianguka miguuni pake kwa ajili ya binti yake wa miaka 12. Mama Mkanaani alifuata nyuma akipaza sauti kwa ajili ya binti yake, na hakurudi alipoonekana kama amekataliwa. Ofisa mmoja wa Kapernaumu alisafiri kwa ajili ya mwanawe mwenye homa. Na mtu aliyepooza alifikishwa mbele za Yesu na watu wanne waliofumua paa la nyumba ili kumshusha. Injili ya Marko inasema Yesu aliiona imani yao, yaani hao waliombeba.

Hilo ndilo linalowafariji wengi. Kuna siku mzazi mwenyewe hana nguvu ya kusali. Amekesha siku tatu, macho yamevimba, na akifumba macho anaona dripu tu. Siku hiyo wengine husali kwa niaba yake.

Baba Mlutheri, mama Mkatoliki

Wakristo wote wanakubaliana juu ya msingi mmoja: Kristo ndiye mwombezi mkuu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unamweleza kuwa yu hai siku zote akiwaombea wanaomjia Mungu kupitia kwake. Warumi, sura ya 8, inaongeza kwamba Roho huwasaidia wasiojua hata waombe nini. Kuanzia hapo, njia zinatofautiana kidogo.

Wakatoliki huwaomba pia Bikira Maria na watakatifu wawaombee, kama mtu anavyomwomba rafiki. Mtoto akibatizwa hupewa jina la mtakatifu ambaye huwa somo wake, na katika ibada ya ubatizo waumini huwataja watakatifu kwa majina na kuomba maombezi yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza wazi kwamba jambo hilo halipunguzi chochote katika nafasi ya Kristo aliye mpatanishi mmoja.

Walutheri, Waanglikana wengi na Wapentekoste husimama kwenye Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unaomtaja mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu. Kwao maombezi ni kazi ya walio hai: mchungaji, wazee wa kanisa, kikundi cha akina mama, mkesha wa Ijumaa.

Katika mji kama Morogoro, ambako ndoa za madhehebu mbalimbali ni jambo la kila siku, tofauti hizi huingia hadi kwenye meza ya chakula. Bibi wa upande wa mama anamfundisha mjukuu rozari. Babu wa upande wa baba anamwambia aombe moja kwa moja. Mtoto hachanganyikiwi na njia mbili kama anavyochanganyikiwa na wakubwa wanaobezana. Wazazi wanaweza kumwambia ukweli rahisi: huyu anawaomba marafiki wa Mungu waliotangulia wamwombee, yule anawaomba walio hapa duniani, na wote wawili wanamlenga Mungu yuleyule.

Wala si Wakristo pekee. Jirani Mwislamu akisikia mtoto amelazwa husema atamwombea dua, na hakuna mama anayeikataa. Katika Morogoro, ambako misikiti na makanisa hupakana, neno hilo limezoeleka kama salamu.

Milima iliyozoea kuomba

Kabla misheni hazijafika, Waluguru walikuwa tayari na desturi ya kupeleka shida zao kwa Mulungu kupitia wahenga wa ukoo. Tambiko lilifanyika mvua inapochelewa, ugonjwa unapoingia au mtoto anapozaliwa dhaifu. Upande wa kusini wa milima, pango la Kolelo lilijulikana hadi kwa Wazaramo walioko karibu na pwani, ambao walifunga safari ya siku nyingi kuja kuombea mvua na mavuno.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walifika Morogoro na kuanzisha misheni mwaka 1882, kisha Matombo mwaka 1897. Mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo. Walikuta watu ambao hawakuhitaji kufundishwa kwamba binadamu anahitaji wa kumsemea. Swali lililobaki lilikuwa ni nani huyo, na anasemaje.

Hapa ndipo kanisa limeweka mstari, na mzazi anayelea mtoto katikati ya mila na imani anahitaji kuuona. Mtakatifu haogopwi kama mzimu uliosahauliwa. Hadai kuku wala pombe. Hakasiriki na kumwangushia mtoto homa kwa sababu babu yake hakutimiza ahadi. Anayemwomba mtakatifu amwombee hulenga Mungu, na asipofanya hivyo hakuna adhabu inayomfuata. Tofauti kubwa iko katika hofu. Heshima kwa wazee waliotangulia, kutunza makaburi yao na kuwapa watoto majina yao ni mambo ambayo familia nyingi za Kikristo milimani zinaendelea nayo bila kuona mgongano wowote.

Kanisa lenyewe huwaita madaktari

Wako wanaodhani kwamba anayeamini maombezi hapaswi kuhoji chochote. Utaratibu wa Kanisa Katoliki wa kumtangaza mtu mwenye heri unaonyesha kinyume chake.

Mfano uko hapahapa Tanzania. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua rasmi mchakato wa Mwalimu Julius Nyerere, na tangu hapo waumini humtaja kama Mtumishi wa Mungu. Ili mtu ambaye hakufa kifo cha ushahidi wa imani atangazwe mwenye heri, unahitajika muujiza uliopatikana kwa maombezi yake. Mara nyingi muujiza huo huwa ni uponyaji, na uponyaji huo haukubaliwi kwa ushuhuda wa mgonjwa peke yake. Vyeti vya hospitali hukusanywa, picha na vipimo hukaguliwa, na jopo la madaktari huulizwa kama sayansi inaweza kueleza kilichotokea. Ikiwa dawa inaweza kueleza, hapo hakuna muujiza wa kutangazwa.

Kwa hiyo imani iliyokomaa haimkimbii daktari. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinataka tabibu aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba na ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unaoagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, hauna mahali popote unapokataza tiba.

Mstari usiovukwa

Tanzania imelipa gharama pale mstari huu uliposahauliwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Baadhi ya familia ziliwatoa wagonjwa wao hospitalini ili kuwawahisha huko, na wako waliofia njiani au kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa.

Waliokufa Moshi hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye shida, na mwenye shida husukumwa na matumaini. Ndiyo maana ni vizuri mzazi awe na vipimo vyake kabla shida haijabisha hodi.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Sala inaweza kuanza nyumbani na kuendelea kwenye bodaboda kuelekea zahanati. Anayeishi kijiji cha juu, ambako kushuka hadi barabarani ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu, ana sababu zaidi ya kuondoka mapema badala ya kusubiri mkesha umalizike.

Mtoto mwenye siko seli, kifafa, kisukari au virusi vya ukimwi asiachishwe dawa kwa sababu ameombewa. Akijisikia nafuu, familia imshukuru Mungu, kisha imrudishe kliniki kwa tarehe yake ili daktari aseme kipimo kinaonyesha nini.

Mwombezi anayetaja bei amegeuza sala kuwa duka. Sadaka ya hiari inajulikana; malipo yanayopanda kadiri ugonjwa unavyozidi ni jambo jingine.

Na anayemwambia mzazi kwamba mtoto anaumwa kwa sababu ya shangazi fulani au bibi mwenye macho mekundu asisikilizwe. Maneno ya namna hiyo yamevunja koo na kuwatia wazee hatarini, na hayajawahi kumponya mtoto yeyote.

Agosti 2019 mjini Morogoro

Kuna maombezi ambayo matokeo yake hayakuwa yale yaliyoombwa, na mji wa Morogoro unayafahamu. Asubuhi ya Jumamosi, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu na kulipuka watu wakiwa wamelizunguka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengine siku ileile na wengine baada ya siku kadhaa hospitalini. Majeruhi walihamishiwa Muhimbili, Dar es Salaam, na taifa likatangaziwa siku tatu za maombolezo. Wengi wa waliofariki walikuwa vijana.

Wazazi wao waliombewa nchi nzima, makanisani na misikitini. Wapo ambao watoto wao walirudi nyumbani. Wapo ambao hawakurudi.

Faraja ya maombezi hupimwa katika hali kama hiyo, kwa kuwa kama maombezi ni njia ya kupata jibu tu, basi aliyefiwa hana faraja yoyote. Maandiko yenyewe hayakwepi jambo hili. Mfalme Daudi alifunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake mchanga, na mtoto akafa. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe katika mwili wake, na haukuondolewa. Yesu mwenyewe, bustanini Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke.

Kinachobaki kwa aliyefiwa ni kwamba hakuachwa. Jumuiya iliyosali ndiyo inayokuja na kuni na unga, ndiyo inayochanga nauli ya ndugu waliotoka mbali, ndiyo inayolala msibani hadi matanga yaishe. Mwezi wa Novemba, Wakatoliki huwaombea marehemu wao kwa majina, kuanzia tarehe 2, siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Kwa mama aliyezika kijana, jina hilo kusomwa tena altareni ni ushahidi kwamba hajasahauliwa. Walutheri hukumbuka wafu wao kwa shukrani na kuwaombea walioachwa. Njia ni mbili, ila katika zote mfiwa husikia kwamba watu bado wanamkumbuka.

Mtoto akiuliza kwa nini

Swali gumu kuliko yote huulizwa na watoto. Tuliomba, mbona dada amekufa?

Jibu la kwanza la kuepuka ni lile la kusema hatukuwa na imani ya kutosha. Mtoto akiambiwa hivyo huanza kujihesabia makosa: siku ile alisinzia wakati wa sala, siku ile alidanganya shuleni. Anaweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua ndugu yake. Hata mtu mzima hapaswi kubebeshwa mzigo huo.

La pili ni kusema Mungu alimpenda zaidi akamchukua. Mtoto mdogo husikia kwamba Mungu huchukua watoto wanaopendwa, na usiku hukataa kulala.

Ni afadhali mzazi aseme kweli iliyo ndogo. Dada aliumwa sana. Madaktari walijitahidi, nasi tuliomba. Hatujui kwa nini hakupona, na sisi pia tunalia. Mungu hakutuacha, na wewe hujakosa lolote. Maneno hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Mtoto atarudi na maswali mengine baada ya wiki, mwezi au mwaka, na kila mara ajibiwe kwa kadiri ya umri wake. Akionekana hali, halali au ameacha kucheza kwa muda mrefu, aonane na mtu wa afya, pamoja na padri au mchungaji anayejua kuongea na watoto.

Kumlea mtoto anayeombea wengine

Mtoto hujifunza maombezi kwa kuyaona. Familia inaweza kuanza na dakika tano kabla ya kulala, simu zikiwa zimewekwa kando, kila mmoja akataja mtu mmoja asiye wa nyumba hiyo. Awe mwalimu aliyepoteza sauti, konda aliyepata ajali, mwanafunzi mwenzake anayemchokoza. Huyo wa mwisho ndiye mgumu, na ndiye anayemfundisha mtoto zaidi.

Nia ziwe na majina. Kuwaombea wagonjwa wote duniani hakumgusi mtoto wa miaka sita, lakini kumwombea babu wa nyumba ya pili anayekohoa usiku kunamgusa, kwa kuwa anamsikia.

Kisha sala ipewe miguu. Aliyemwombea babu kesho ampelekee uji au amchotee ndoo ya maji. Aliyemwombea rafiki aliyekosa shule aende na daftari lake amnakilie somo. Bila hilo, mtoto anaweza kuona kwamba kuombea ni namna ya kukwepa kusaidia.

Na baada ya siku mbili tatu, mzazi akumbuke kuuliza habari za walioombewa. Babu anaendeleaje? Yule rafiki amerudi shule? Majibu mengine yatakuwa ya furaha, mengine hayatakuwa hivyo. Mtoto atakayekua akiulizwa hivyo atajua mapema kwamba anapomtaja mtu mbele za Mungu, mtu huyo huwa ni wa kwake pia, na atataka kujua amefikia wapi.